Kigoma zoni 35, Tabora zoni 36: habari za darasa la ramani

"Sa si ramani zipo Google tayari, nyie huko chuoni mnachora nini?"

Hilo swali nishaulizwa mpaka nimezoea. Mama mdogo kauliza, jamaa wa bodaboda kauliza, hata wenzangu wa kozi nyingine hapahapa Tabora wanauliza, na mwanzoni nilikuwa naanza kujitetea, saivi nawajibu tu kwamba kwenye simu utaona barabara na jina la lodge, lakini hebu iulize hiyo simu ni vijiji gani vya Uvinza viko zaidi ya kilomita tano toka zahanati, au miombo ya upande wa Urambo imepungua kiasi gani toka wazazi wetu wakiwa wadogo. Haina jibu. Jibu linapatikana mtu akikaa chini akakusanya data, akaziweka juu ya ramani moja, akazichanganya. Ndo kazi yenyewe tunayosoma, inaitwa GIS, yaani mifumo ya taarifa za kijiografia.

Labu yetu tunatumia QGIS. Ni programu ya bure kabisa, unaidaunilodi, unaweka kwenye laptopu, hakuna anayekudai. Aliyeianzisha ni Gary Sherman, mtu wa Alaska, mwaka 2002, alikuwa anataka tu kitu cha kumuonyesha data zake kwenye kompyuta, wengine wakajiunga mpaka ikafika hapa ilipo. Ipo pia ArcGIS ya kampuni ya Esri ya Marekani, hiyo ndo utaikuta maofisi makubwa na miradi ya wafadhili, ni nzuri sana sikatai, ila leseni yake ni hela, na najua watu wanaohangaika na zile za kukraki ambazo zinagoma siku ya kukusanya kazi. Mimi maoni yangu mwanafunzi wa Tabora aanze na QGIS tu. Ukishaelewa kinachofanyika humo ndani, vitufe vya programu nyingine utavizoea ndani ya wiki.

Alafu kuna kitu ticha alikisema kwa kupita tu ila mi kikanikaa. Huyu Roger Tomlinson wa Kanada, ambaye wanamuita baba wa hii fani, wazo la kutumia kompyuta kwenye ramani lilimjia kwa sababu ya kazi ya huku kwetu Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni yake ilitakiwa kutafuta eneo Kenya la kupanda msitu wa miti ya kibiashara, wakapiga hesabu ya kuchanganya ramani zote zile kwa mkono, mteremko, mvua, udongo, barabara, wakaona gharama yake haishikiki, kazi ikaachwa. Jamaa akabaki anawaza kwamba hii kitu kompyuta ingeweza, na baadae ndo akaenda kuijengea serikali ya Kanada mfumo wa kwanza. Kwa hiyo ukiniambia haya mambo ni ya Wazungu, mi nakwambia ardhi iliyowashinda ilikuwa ya jirani hapo.

Basi, turudi darasani. Wiki za kwanza hakuna la ajabu, unajifunza kwamba ramani ni leya, moja ya barabara, moja ya mito, moja ya vijiji, unaziwasha unazizima, unazipanga ipi iwe juu. Kuna nukta, kuna mstari, kuna poligoni, yaani umbo lililofungwa. Hapo kila mtu anajiona fundi. Kidogo shida inaanza kwenye mafaili, maana hii kitu inaitwa sheipufaili jina lake moja ila yenyewe ni mafaili kadhaa yanayotembea pamoja, kuna la .shp, kuna la .shx, kuna la .dbf, kuna la .prj, na ukienda kwa mwenzako na flashi ukakopi lile la .shp peke yake umebeba ganda tupu. Kila mwaka wapo wanaofanya hivo, halafu wanasema flashi ina virusi. Nyingine ya kuchekesha ni kwamba jina la safu kwenye lile jedwali mwisho herufi 10, hazizidi, kwa hiyo ukiandika idadi_ya_watu ukasevu, ukifungua unakuta idadi_ya_w, na darasa zima lina majedwali yana idadi_ya_w kama vile tulikubaliana. Ukitumia GeoPackage hayo yote yanaisha, faili moja, jina refu unavotaka, lakini sijui kwanini kila mtu bado amekomaa na sheipufaili.

Sasa nije kwenye kitu ambacho ndo kimenifanya niandike hii posti.

Semista hii grupu letu lilipewa kazi ya kutengeneza ramani ya reli toka Tabora hadi Kigoma na stesheni zake. Mimi natokea Ujiji, hiyo treni nimeipanda toka niko shule ya msingi, nikajua hii tumepewa zawadi. Baadhi yetu walipanda treni na GPS ya mkononi wakawa wanachukua pointi kila stesheni inaposimama, mmoja anashika kifaa, mwingine anaandika kwenye daftari, na wengine tulibaki kudaunilodi mstari wa reli toka OpenStreetMap. Waliporudi tukaingiza pointi kwenye QGIS. Urambo sawa. Kaliua sawa. Nguruka, Malagarasi, Uvinza, zote zimekaa juu ya reli vizuri kabisa. Kigoma haipo.

Tukazumu, tukatafuta, ziwani huku hamna, mwishowe mmoja akabofya kitufe cha kuonyesha leya nzima, ramani ikajivuta nje, na ile nukta ya stesheni ya Kigoma ikaonekana iko kulee mashariki, imepita Tabora, imepita Singida, imetua upande wa Kondoa mkoa wa Dodoma. Karibu kilomita 665 toka ilipo bandari. Watu walicheka mpaka ticha akaja kuangalia.

Yeye hakucheka. Alichukua lile daftari la fildi, akauliza, hapa mmeandika namba mbili tu, ya mashariki na ya kaskazini, zoni iko wapi? Hakuna aliyeandika zoni.

Naomba nieleze hapa taratibu maana kwenye noti zetu limeandikwa kwa mistari miwili tu. Dunia ni ya mviringo na karatasi ni bapa, kwa hiyo ili upime kwa mita, mfumo wa UTM umeikata dunia vipande 60 vilivyosimama wima, kila kimoja kimetoka kusini hadi kaskazini, kila kimoja upana wake digrii 6 za longitudo, na kila kipande kinajihesabia mita zake chenyewe kuanzia mwanzo. Mstari wa katikati ya kila zoni umepewa namba 500,000, ukienda mashariki yake inaongezeka, magharibi inapungua. Sasa kwa sababu kila zoni inahesabu upya, namba zinajirudia, ni sawa na kumwambia mtu nyumba namba 12 bila kumwambia mtaa, atagonga mlango wa watu. Zoni 36 inaanzia longitudo digrii 30 mpaka 36. Tabora ipo kwenye 32.8 hivi, karibu kabisa na mstari wa kati ambao ni 33, ndo maana namba yake ya mashariki ni chini kidogo tu ya 500,000. Ila Kigoma mjini ipo 29.6. Imeangukia nje. Iko zoni 35, na huko namba yake inakuwa karibu 790,000, na hiyo 790,000 ukiisoma kwa macho ya zoni 36 ni porini karibu na Kondoa.

Kile kifaa cha GPS kilikuwa kinajua. Kinaandika chenyewe 36M (hiyo M ni herufi ya ukanda wa latitudo tu), na treni ikishavuka ile digrii 30 kati ya Uvinza na Kigoma kinabadilika chenyewe kinaandika 35M. Hakipigi kengele, hakikuambii karibu zoni mpya. Kimebadilisha tu kwenye kona ya skrini na maisha yanaendelea.

Kwa hiyo mkoa wa Kigoma umekatwa na huo mstari. Kasulu, Kibondo, Kakonko na Uvinza mjini wapo zoni 36 pamoja na Tabora, Kigoma mjini na Ujiji na Gombe wapo 35 pamoja na Kongo yote ile ya ng'ambo ya ziwa karibu nasi. Ukitengeneza ramani ya mkoa mzima lazima uamue unatumia ipi, hakuna namna ya kukwepa. Kwenye vitabu mfano wa mambo haya huwa ni wa Ulaya au Marekani, wakati tunao hapa, mkoa mmoja wapo ambao watu wake wanapishana zoni wakienda sokoni!

Kurekebisha sasa, hapo ndo wengi wanaharibu zaidi. QGIS ina vitu viwili vinavyofanana machoni ila ni tofauti kama mbingu na ardhi. Cha kwanza ni kuiambia leya kwamba wewe uko kwenye mfumo fulani, hiyo haigusi namba hata moja, unabandika lebo tu. Cha pili ni kuihamisha leya, yaani programu inapiga hesabu upya na kuandika namba mpya kwenye faili jipya. Pointi ya Kigoma inatakiwa kwanza ibandikwe lebo ya kweli, zoni 35, namba ya mfumo 32735, halafu ndo ihamishwe kwenda 32736. Ukifanya hivo ile 790,000 inageuka kuwa zaidi kidogo ya 125,000, na nukta inarudi kwenye mwisho wa reli pale chini karibu na ziwa. Lakini ukiruka hatua ya kwanza ukabandika lebo ya 36 moja kwa moja, Kigoma inabaki Kondoa, na ukihamisha toka hapo unahamisha uongo. Nimeona mtu wa mwaka wa tatu anafanya hivo kwenye projekti yake bila wasiwasi.

Mmoja akauliza swali zuri, je, si tunaipotosha Kigoma kwa kuilazimisha zoni isiyo yake? Ndio, kidogo. Kilomita moja ya ardhini Kigoma ukiipima kwa zoni 36 inasomeka kama mita 1,001.3, kwa sababu iko mbali na mstari wa kati, na kilomita ya Tabora inasomeka mita 999.6. Kwa ramani ya reli nzima kwenye karatasi ya A3, ambapo milimita moja ni kilomita moja, nani ataona mita moja na kitu? Ila kwa viwanja usithubutu, hapo watu watafika mahakamani.

Baada ya hapo tukaja kwenye ile karatasi ya zamani. Tulikuwa tumeskani shiti moja ya topo ya skeli ya 1:50,000, zile zinazoonyesha kontua na njia za miguu na kisima kwa kisima, tukaipa koordineti kwa kubofya kwenye makutano ya gridi zake, kazi ya kuchosha macho ile. Ikakaa vizuri, makosa madogo, kila mtu anafurahi. Tukaweka picha ya setelaiti chini yake. Reli ya kwenye shiti na reli ya kwenye picha zimeachana, moja iko kama mita 300 kaskazini ya nyingine, na zimeachana hivohivo mwanzo mpaka mwisho, sambamba kabisa. Kuna aliyesema basi reli ilihamishwa bana. Reli haijahamishwa, ile imekaa pale toka Wajerumani walipoifikisha Kigoma mwaka 1914. Kilichobadilika ni datamu. Shiti za zamani zimechorwa kwa Arc 1960, GPS na picha za setelaiti ni WGS 84, yaani umbo la dunia lililochukuliwa kwenye hesabu na mahali pa kuanzia ni tofauti, na kwa maeneo yetu tofauti hiyo kwenye gridi inafika karibu mita 300. Badala ya 32736 unaiambia shiti kwamba wewe ni 21036, yaani zoni 36 ileile ila ya Arc 1960, programu inafanya yake, mistari inalaliana.

Nikataka kujua hiyo Arc ni nini. Kumbe ni ule mstari wetu uleule! Ile longitudo ya digrii 30. Mwishoni mwa karne ya 19 kuna mtaalamu wa nyota pale Rasi ya Tumaini Jema, David Gill, alitoa wazo la kupima Afrika nzima toka kusini hadi Misri kwa kufuata longitudo ya 30, kilima hadi kilima, pembetatu juu ya pembetatu. Ilichukua miaka mingi sana mpaka kukamilika, kipande cha mwisho cha Sudan kilimalizwa mwaka 1954. Kipande cha Tanganyika kilipimwa miaka ya mwanzo ya 1930, na aliyekisimamia ni Mwingereza Martin Hotine, na hapo hujaniambia ni watu wangapi wa huku magharibi waliobeba vile vyuma na mahema na maji kupanda navyo milimani, maana vitabu vinataja jina moja. Kwa hiyo ile shiti ya miaka hiyo iliyotusumbua kwenye labu imetokana na vipimo vilivyopita upande wetu. Mi nimekulia karibu na huo mstari sikuwahi kuusikia, na ningefundishwa darasa la sita ningeipenda jiografia mapema.

Mambo ya ramani za zamani nikaanza kuyafuatilia mwenyewe kwenye bando langu. Kuna moja inabidi muitafute muione, ya mwaka 1855 na ikachapishwa 1856, imechorwa na wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Hawakuwa wamefika huku bara. Erhardt alikaa Tanga akawauliza watu wa misafara waliokuwa wanatoka bara, mmoja kasema ukitembea siku nyingi toka pwani utafika ziwa, mwingine wa njia nyingine naye kasema utafika ziwa, wa tatu hivohivo. Akaunganisha yote matatu. Likatokea ziwa moja kubwa la ajabu katikati ya Afrika, limejikunja kama konokono aliyetoka kwenye gamba, na wakaliandika Bahari ya Uniamesi. Unyamwezi! Yaani hapa Tabora tulipo. Wazungu wa London wakashangaa na kubishana, wapelelezi wao Burton na Speke wakatumwa kuja kuangalia, wakapita hapahapa Kazeh, yaani Tabora ya zamani, wakafika Ujiji Februari 1858.

Watu wanaicheka hiyo ramani, mi siicheki. Wale wa misafara walisema kweli, kila mmoja kwa njia yake, Nyanza lipo, Tanganyika lipo, Nyasa lipo. Aliyechora ndo alikosa kujua kama pointi zake ni za ziwa moja au matatu. Ni shida ileile ya daftari letu, taarifa sahihi, kiunganishi hakipo.

Kazi nyingine tuliyopewa ilikuwa ya rangi, zile ramani za mikoa ambazo penye watu wengi panakolea. Ticha alitupa takwimu za sensa ya 2022 za Ofisi ya Taifa ya Takwimu akatuachia. Ukipaka rangi kwa idadi ya watu, Tabora ina watu milioni 3.39, Kigoma milioni 2.47, Tabora inakolea Kigoma inapauka, na mtu anayeangalia haraka atajua Tabora ndo kumebanana. Ila Tabora ni kubwa, kilomita za mraba elfu 76 hivi, na Kigoma nchi kavu yake ni kama elfu 37. Ukigawanya, Tabora inabaki na watu 45 kwa kilomita ya mraba, Kigoma 67. Rangi zikageuka. Na kuna mtego mwingine ndani yake, ukichukua poligoni ya mkoa wa Kigoma pamoja na maji yake ya ziwa, ambayo ni kilomita za mraba elfu 8 na ushee, ile 67 inashuka mpaka 55, kana kwamba kuna watu wanaishi katikati ya Tanganyika kwenye kina cha zaidi ya mita elfu moja. Wavuvi wa dagaa wanalala huko usiku na karabai zao, sawa, lakini sensa haikuwahesabu huko. Halafu bado hujachagua unagawa makundi vipi, kwa vipimo sawa au kwa idadi sawa ya mikoa au kwa mapengo ya asili ya data, kila njia inakupa ramani nyingine kwa namba zilezile. Toka siku ile ramani ya rangi ya kwenye gazeti nikiiona kwanza naangalia ufunguo, na kama hauna nafunua ukurasa.

Bwawa la Igombe la hapa Tabora nalo lilitupa kazi. Zoezi lilikuwa dogo tu, fungua picha ya setelaiti ya Sentinel-2, pikseli yake ni mita 10, fuatisha ukingo wa maji kwa mausi utoe poligoni. Nusu ya darasa ilipewa picha ya mwezi wa nne, nusu ya mwezi wa kumi. Tulipozilaza moja juu ya nyingine ni mabwawa mawili, la kiangazi limeacha pembeni matope na majani ambayo kwenye picha ya masika ni maji matupu. Lipi ndo bwawa? Programu haijali, yenyewe inataka poligoni ifungwe tu, na ikishafungwa inaonekana kitu cha uhakika, mstari mwembamba wa bluu. Mtu wa Kigoma hili analielewa haraka, maji ya ziwa yalipopanda miaka ya 2020 na 2021 yalikula ufukwe na yakaingia kwenye majengo, na ramani zote za mwambao zilizokuwepo zikawa zinasema nchi kavu mahali ambapo mtumbwi unapita. Tokea hapo mimi leya yoyote ya maji naandika na tarehe ya picha kwenye jina lake, hata kama linakuwa refu kama treni.

Turudi kwenye ramani yetu ya reli maana haikuishia pale. Likizo fupi nilienda nayo nyumbani kwenye laptopu nikamuonyesha mjomba, yeye alifanya kazi relini miaka mingi kabla hajastaafu. Akavaa miwani, akasogeza kichwa mpaka nikaogopa atagusa skrini, akaanza toka Kigoma na kidole, Luiche, Kazuramimba, Uvinza, anazitaja anatingisha kichwa. Akafika mahali akasimama. "Hapa mmeruka, mwanangu." Nikamwambia mjomba OpenStreetMap haina stesheni hapo. Akaniangalia. "Sa huyo naye alishawahi kupanda treni?"

Nikajaribu kumueleza kwamba OpenStreetMap si mtu, ni ramani ambayo kila mtu duniani anaweza kuongezea, ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na kwamba hata sisi tunaweza kuweka hiyo stesheni jioni hiihii. Hapo akachangamka. Tukakaa, yeye anataja nini kipo baada ya nini, daraja, njia ya kupishania, nyumba ya wafanyakazi iliyobaki ukuta, mimi natafuta kwenye picha ya setelaiti. Alikuwa anasema "baada ya kona ya kulia" na kona ipo kweli. Tuliweka vitu kadhaa mpaka bando likaisha. Kwa wanaoanza kozi hii nawashauri hivo, tafuteni mzee, kuna data hazijawahi kuingia kwenye sava yoyote.

Mwisho ni kuprinti, na hapa ndo grupu la wenzetu liliumia. Kwenye QGIS unapanga ukurasa wako, jina la ramani, ufunguo, fremu, dira, skeli, vitu vilevile tulivyoimba shule ya msingi, unatoa PDF unaipeleka stationari. Wao waliandika skeli kwa namba, 1:1,000,000, wakaona inatosha, hawakuweka ule mstari wa skeli wenye kilomita. Dada wa stationari akaifungua, akaona karatasi yake iliyobaki ni A4, akabofya ile ya kuitosheleza karatasi, ikatoka nzuri inang'aa, wakalipa wakakusanya. Siku ya kuwasilisha ticha akatoa rula mfukoni. Akapima toka Tabora hadi Kigoma kwa mstari ulionyooka, akazidisha, akapata kilomita 250 kasoro kidogo. Akawauliza toka lini Kigoma imesogea hivo, maana kwa kunyooka hivo inatakiwa kuwa kama 350.

Ramani ikiminywa, namba ya skeli haiminyiki, inabaki inasema milioni moja wakati si kweli tena. Ule mstari wa kilomita ungeminywa pamoja na ramani na ungebaki sahihi. Sisi tulikuwa tumeuweka, ila si kwa akili nyingi, ni kwa sababu unapendeza pale kona ya chini juu ya ziwa. Jioni ile wao wakarudi stationari kutafuta A3, ikabidi wasubiri maana umeme ulikuwa haupo, na dada akawaambia kwa rangi A3 ni bei nyingine.